Maswali ya wasomaji: kofia iko kwenye kioo, kichwa kiko wazi

Katika toleo lililopita nilimjibu msomaji aliyetaka kujua kwa nini mdogo wake husahau majina ya watu tangu alipoanguka na bodaboda, na mwishoni mwa jibu nikaongeza sentensi moja kwamba kofia ngumu ingeweza kumpunguzia madhara hayo. Sentensi hiyo ndiyo iliyoniletea barua za mwezi huu. Wapo walioniunga mkono, wapo waliokasirika, na yupo aliyeniuliza kama mimi, muuguzi mstaafu, nimewahi hata siku moja kupanda bodaboda mchana wa Februari. Nimepanda na bado napanda, kwa sababu kutoka kituo cha daladala hadi nyumbani kwangu hakuna usafiri mwingine. Kofia ninayo yangu, huibeba ndani ya kikapu pamoja na nyanya, na vijana wa kijiweni wameshazoea kunicheka. Nimechagua barua saba, baadhi nimezifupisha.

*Mama Muuguzi, shikamoo. Ninafanya kazi dukani Kariakoo, na kila jioni nachukua bodaboda kutoka kituoni hadi nyumbani, mwendo wa dakika saba tu. Dereva hunipa kofia inayonuka jasho la watu wote aliowabeba tangu asubuhi, na mimi nywele nimesuka kwa gharama. Kwa kuwa ni karibu na anakwenda polepole, kuna haja kweli ya kuivaa? – Msomaji, Mbagala*

Marahaba, mwanangu. Umetaja mwendo, umbali na uchafu kwa pamoja. Nitaanza na mwendo, kwa sababu huo ndio unaowadanganya wengi.

Ukikaa kwenye siti ya nyuma, kichwa chako kiko juu ya lami kwa kama mita moja na nusu. Tuseme pikipiki imesimama kabisa, nawe umeanguka kando kama gunia la mahindi. Kwa kimo hicho peke yake kichwa hufika chini kikiwa na kasi inayokaribia kilomita 20 kwa saa, na kasi hiyo haikutoka kwenye injini, imetokana na mvutano wa dunia. Dereva anayekwenda polepole anakusaidia kwa mengi, lakini kimo unachoangukia hawezi kukipunguza. Wanaopima kofia hizi maabara wanalijua jambo hilo vizuri: kwa kanuni za Marekani, kofia hudondoshwa juu ya chuma bapa kutoka kimo kisichofika hata mita mbili, na kwa kanuni za Umoja wa Mataifa zinazofuatwa Ulaya, hugongeshwa kwa kasi ya kilomita 27 hivi kwa saa. Watu hushangaa wakisikia namba hizo ni ndogo namna hiyo. Sababu ni kwamba kofia ngumu imetengenezwa hasa kwa ajili ya kichwa kinachodondoka chini, na mwanguko wa namna hiyo unaweza kukupata mlangoni kwako wakati dereva anapokata kona kwenye mchanga.

Ubongo ni laini kuliko watu wanavyodhani. Fuvu linaposimama ghafla kwenye lami, ubongo uliomo ndani haujapata habari, unaendelea na safari yake hadi unapojigonga kwenye ukuta wa mfupa, na mishipa midogo hukatika. Ganda la nje la kofia hukisambaza kishindo kisikae mahali pamoja, na lile povu jeupe gumu lililo ndani yake, la namna ile ile inayozungushiwa televisheni mpya kwenye boksi lake, hupondeka. Likipondeka, kichwa husimama taratibu kidogo zaidi, na tofauti hiyo, ambayo jicho haliwezi kuiona, huamua kama mtu ataamka na maumivu ya kichwa au hataamka. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa mwaka 2008 yalikadiria kwamba kwa aliyepata ajali ya pikipiki, kofia hupunguza uwezekano wa kufa kwa asilimia 42 hivi, na uwezekano wa kuumia kichwa kwa asilimia 69 hivi.

Kuhusu uchafu, malalamiko yako ni ya haki na sitayabeza. Kofia inayopita vichwa ishirini kwa siku hubeba chawa, mapunye na mafuta ya nywele ya kila aina. Dawa yake ni kitambaa chepesi cha pamba, au kofia ya kulalia, unachovaa kwanza kisha kofia ngumu ikaja juu yake. Kikunje kwenye mkoba, kifue usiku. Ukiweza, nunua kofia yako mwenyewe. Kwa mtu anayepanda kila jioni ya kazi, nauli za miezi michache hulingana na bei ya kofia ya maana.

Kuhusu nywele nitakuwa mkali kidogo. Misuko iliyofungwa juu kama kichuguu huinua kofia isifike kwenye paji la uso, na kofia iliyoinuka hutoka kichwani kwa urahisi. Mwombe msusi aelekeze mkia nyuma, chini, karibu na shingo. Kwa wanaovaa mtandio, safu moja nyembamba ndani ya kofia haina tatizo, ila pini zisikae sehemu zinazokandamizwa na kofia, na ncha zote ziingizwe ndani ya nguo. Mtandio, khanga au dera linalopepea likinaswa na cheni au gurudumu la nyuma, humvuta mtu chini kabla dereva hajajua kilichotokea.

*Mama, kwa heshima zote, wewe hushindi juani saa kumi na mbili. Kofia inachemsha kichwa, inaziba masikio, inanizuia kuona gari linalotoka pembeni, na mzee mmoja kijiweni kwetu anasema kofia nzito ndiyo inayovunja shingo. Nimeendesha miaka minane sijaanguka. Jaketi zito la kukinga kifua ninavaa kila siku, linanitosha. – Dereva wa bodaboda, Kahama*

Mwanangu, joto ni kweli tupu. Atakayekuambia kofia haina joto hajawahi kusubiri abiria saa nane mchana. Chagua yenye rangi nyeupe au nyepesi, yenye matundu ya hewa yanayofunguka, ivue ukiwa kijiweni, uivae kabla ya kuwasha pikipiki. Vietnam ni nchi ya joto na unyevu kama pwani yetu, na pikipiki zake ni nyingi kuliko zetu kwa mbali. Tarehe 15 Desemba 2007 walianza kutekeleza sheria ya kofia kwa dereva na abiria katika barabara zote, na kwa muda mfupi vichwa vilivyokuwa wazi mjini na vijijini vikawa vimefunikwa. Jua lao halikupungua kwa ajili ya sheria.

Kuhusu macho, kanuni za kimataifa hudai kofia imwachie mvaaji nafasi ya kuona nyuzi 105 kila upande kutoka katikati ya uso, ambayo ni zaidi ya robo ya duara kila upande. Kama kofia yako inakuzuia kuona gari la pembeni, basi ama si saizi yako, ama kioo chake kimechakaa kwa mikwaruzo, ama ilitengenezwa na mtu asiyejali kanuni yoyote. Kuhusu masikio, kofia hupunguza sauti ya honi, lakini hupunguza pia kelele za upepo, ambazo kwa mwendo wa barabara kuu ndizo hasa zinazoziba masikio ya anayeendesha kichwa wazi.

Na huyo mzee wa shingo, msalimie sana. Hofu yake ni ya siku nyingi na imechunguzwa. Mapitio niliyoyataja kwenye jibu la kwanza yalitafuta kama kofia huongeza majeraha ya shingo, na hayakupata ushahidi wa kuthibitisha hivyo. Niruhusu hapa nisimulie kisa kimoja cha zamani. Mwezi Mei 1935, Mwingereza T. E. Lawrence, yule aliyejulikana kama Lawrence wa Arabia, alianguka na pikipiki akiwakwepa vijana wawili waliokuwa kwenye baiskeli. Hakuvaa kofia, na alifariki siku sita baadaye. Miongoni mwa madaktari waliomhudumia alikuwemo mpasuaji wa ubongo aitwaye Hugh Cairns, ambaye hakuridhika kumzika mgonjwa na kuendelea na kazi nyingine. Alikusanya kumbukumbu za waendesha pikipiki wa jeshi waliokuwa wakifa kwa majeraha ya kichwa, akachapisha matokeo yake mwaka 1941, na mwaka huo huo jeshi la Uingereza likawaamuru waendesha pikipiki wake wavae kofia wakiwa kazini. Raia wa kawaida wa nchi hiyo walisubiri sheria hadi 1973. Kwa hiyo ubishi wa kijiweni kwenu ulishabishaniwa na wengine, tena kwa miaka mingi.

Miaka minane bila kuanguka nakupongeza kwa dhati. Inaonyesha wewe ni mwangalifu. Lakini barabarani kuna mwenye bajaji anayegeuza bila kuangalia, kuna mbuzi, na kuna shimo lililochimbwa na mvua ya jana usiku, nao wote hawahesabu miaka yako.

Jaketi, sasa. Najua mnavyolivaa: mgongo wa jaketi mbele, zipu nyuma, wazi, kwa imani kwamba upepo wa kifuani ndio unaoleta nimonia. Nimonia huletwa na vijidudu. Upepo wa baridi unachosha mwili na kukausha koo, lakini si wenyewe unaopanda ugonjwa huo. Jaketi zito ni kinga nzuri ya ngozi mtu anapoburuzika kwenye lami, ila likivaliwa kinyume na kuachwa wazi mgongoni, hupanda hadi mabegani mara tu unapogusa chini. Livae kama lilivyoshonwa na ufunge zipu hadi juu. Ongeza glavu za ngozi, hata zile za mafundi wa kuchomelea zilizo nyepesi, kwa kuwa anayeanguka hutanguliza viganja bila kujiuliza, na mtu mwenye viganja vilivyochunika hawezi kushika jembe, sufuria wala usukani kwa wiki kadhaa. Viatu viwe vya kufunika kifundo cha mguu. Kandambili ni za kwendea bafuni.

*Kijana wangu amepata pikipiki ya kwendea kazini na nimeahidi kumnunulia kofia. Madukani nimekuta kofia zinazofanana kwa sura lakini bei zimepishana mara nne au tano, na mitumba ipo pia. Nitajuaje iliyo nzuri? – Baba, Morogoro*

Swali lako ndilo nililolingoja, kwa sababu wengi hununua kofia ya kumridhisha askari wa barabarani, na askari huridhika na chochote chenye umbo la kofia.

Nilipokuwa kazini, katika hospitali ambayo sitaitaja, ndugu wa majeruhi walikuwa na desturi ya kuleta kofia pamoja na mgonjwa, tukaziweka juu ya kabati la bandeji hadi mwenyewe aulize. Siku moja nilizishusha ili nipanguse vumbi. Moja ilikuwa ya fundi ujenzi, ya njano, ambayo kazi yake ni kumkinga mtu na tofali linalodondoka kutoka juu, na pembeni haina kitu. Nyingine ilikuwa ganda tupu la plastiki lililobandikwa sponji laini, kama ya kuoshea vyombo, na ganda lenyewe lilikuwa limepasuka kutoka sikio hadi sikio. Ya tatu ndiyo iliyonisimamisha. Ilikuwa kofia nzuri ya kufunika uso mzima, haina hata mkwaruzo mkubwa, na kamba yake ya kidevuni ilikuwa bado imefungwa. Kijana yule alikuwa ameivaa na kuifunga, lakini kwa ulegevu, kofia ikiwa kubwa kuliko kichwa chake, nayo ikamtoka hewani kabla hajafika chini.

Kwa hiyo usiende dukani bila kijana. Mpime kwanza nyumbani kwa futi ya fundi cherehani: izungushe kichwani kidole kimoja juu ya nyusi, ipite sehemu iliyojitokeza zaidi kisogoni, uandike sentimita. Namba hiyo uilinganishe na iliyoandikwa ndani ya kofia. Akishaivaa, mashavu yabanwe kidogo kama ya mtoto anayevuta juisi kwa mrija, lakini paji lisiume. Mwambie atikise kichwa kama anayekataa chakula: ngozi ya uso na kofia viende pamoja. Kisha afunge kamba hadi vidole viwili tu viweze kupita chini ya kidevu, nawe usimame nyuma yake, ushike ukingo wa chini wa kofia, ujaribu kuivua kwa kuipindua mbele. Ikitoka, irudishe kwenye shelfu hata kama muuzaji anaapa.

Halafu tazama ndani. Vuta pembeni kitambaa cha kustarehesha na utafute lile povu gumu nililolieleza. Likandamize kwa kidole gumba. Lisibonyee kirahisi, na liwe nene, si la kupaka tu. Pasipo povu hilo unanunua bakuli. Tafuta alama: nembo ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, au herufi E ndani ya duara, alama ya zile kanuni za Umoja wa Mataifa, ikifuatiwa na namba ya nchi iliyotoa kibali, kwa mfano 1 ni Ujerumani, 3 ni Italia na 4 ni Uholanzi. Stika ya kubandika nyuma ya kofia huchapishwa na mtu yeyote mwenye mashine, kwa hiyo mimi naamini zaidi lebo iliyoshonwa kwenye kamba ya kidevuni. Kwenye lebo hiyo ya E utaona pia herufi: J ni kofia isiyofunika kidevu, P ni ile ambayo sehemu yake ya kidevu imepimwa ikaonekana inakinga. Kwa kijana anayekwenda kazini kila siku ningemnunulia yenye P, maana nimesaidia kushona taya nyingi.

Mitumba siishauri. Lile povu hupondeka mara moja tu na halirudi, wala mpondeko wenyewe hauonekani kwa nje, nawe hujui mwenye kofia wa kwanza aliivua katika mazingira gani. Kwa sababu hiyo hiyo, kofia iliyopata kishindo kikubwa haifai tena hata kama inang'aa, na hata isiyowahi kugongwa, watengenezaji wengi hushauri ibadilishwe baada ya miaka mitano hivi, kwa kuwa jua, jasho na mafuta ya nywele huidhoofisha. Mwonye kijana asiioshe kwa petroli wala tina, wala asiipake rangi ya kupuliza. Vitu hivyo hula plastiki. Maji na sabuni ya kawaida vinatosha. Na asiitundike kwenye kioo cha pembeni. Najua hapo ndipo kila kofia ya bodaboda inapokaa, lakini ncha ya kioo hutoboa povu polepole kila siku kwa ndani, na abiria anayekuja kupewa kofia hiyo anapewa yenye kidonda.

*Kwenye jibu moja uliandika kwamba ekzosi ya pikipiki imemuunguza mtu. Mimi pia ninalo kovu kwenye mguu. Nifanye nini ikitokea tena? – Mwanafunzi, Dodoma*

Mimina maji safi ya baridi yanayotiririka, yasiyo ya barafu, kwa dakika 20, kisha funika kwa kitambaa safi. Usipake dawa ya meno, yai wala unga. Pikipiki nyingi za biashara hapa kwetu zina ekzosi upande wa kulia, kwa hiyo panda na ushuke kushoto, hata kama dereva amekusimamishia kulia. Suruali ndefu nzito ni kinga pia.

*Huku kwetu Mombasa makanga wa matatu wanatuambia reflekta ni za kuwapendeza polisi tu. Je, sheria inamhusu abiria au ni mwenye boda peke yake? – Mhudumu wa hoteli, Mombasa*

Sheria ya Trafiki ya Kenya, kifungu cha 103B, kilichoongezwa kwa marekebisho ya mwaka 2012, inamtaka mwendeshaji avae kofia na jaketi lenye reflekta, abebe abiria mmoja tu, na abiria naye avae vyake. Kwa hiyo inakuhusu. Ukifika Kigali utaona abiria anapewa kofia kabla hata hawajapatana nauli, naye anaivaa bila maneno. Ni mazoea tu, na mazoea hufundishika.

Ama kuhusu kuwapendeza polisi, watafiti wa Auckland, Nyuzilandi, walilinganisha waendesha pikipiki waliopata ajali na wasiopata, wakachapisha matokeo mwaka 2004: waliovaa nguo za kung'aa au za kuakisi mwanga walikuwa na hatari pungufu kwa asilimia 37, na waliovaa kofia nyeupe walikuwa na hatari pungufu kwa asilimia 24 kuliko wenye kofia nyeusi. Wewe unayetoka zamu ya hoteli saa tano usiku ukiwa na suti nyeusi, dereva wa lori hakuoni. Kumbuka kulifua jaketi hilo, kwa sababu reflekta iliyojaa vumbi na grisi hairudishi mwanga.

*Shikamoo Mama. Wanangu, wa darasa la pili na wa chekechea, huenda shule kwa bodaboda pamoja na mtoto wa jirani. Dereva ni mtu wetu, mwaminifu, tunamlipa kwa mwezi. Nimetafuta kofia ndogo za watoto nimekosa. Niwavalishe za wakubwa? – Mama wa watoto wawili, Kibaha*

Marahaba. Barua hii nimeisoma mara tatu kabla ya kuijibu, kwa sababu najua hukuchagua mshikaki huo kwa kupenda. Shule iko mbali, wewe unaingia kazini saa moja, na gari la shule linagharimu kuliko bodaboda.

Kofia ya mtu mzima kwenye kichwa cha mtoto huzunguka, humfunika macho, na akianguka humtoka; tena uzito wake ni mzigo kwa shingo ambayo bado ni changa. Zipo kofia za watoto, hasa katika maduka makubwa ya vipuri mijini, na ukipata ya sentimita zinazomwenea huyo wa darasa la pili, mnunulie. Lakini nisikudanganye kwamba kofia itaitatua hali hii. Mtoto ambaye nyayo zake hazifiki kwenye vikanyagio hana pa kujizuia breki inapokamatwa, na miguu inayoning'inia huingia kwenye spoku za gurudumu la nyuma. Kisigino kilichokatwa na spoku hupona kwa miezi, na kovu lake huvaa kiatu kwa shida maisha yote. Anayekaa mbele, juu ya tangi, ndiye mto wa dereva pikipiki inapogonga. Huyo wa chekechea, kwa maoni yangu, asipande kabisa.

Ukiniuliza nini kifanyike Jumatatu, zungumza na jirani. Familia mbili zinazolipa dereva wa pikipiki kwa mwezi zinakaribia kuweza kulipa bajaji ya watoto watatu, hasa mkimpata mzazi wa mtoto wa nne. Ikishindikana kabisa, dereva afanye safari mbili, mtoto mmoja mmoja, mkubwa akiwa na kofia yake na viatu vilivyofungwa, na mdogo apelekwe kwa miguu na mtu mzima hata kama atachelewa wimbo wa asubuhi. Dereva mwaminifu atakuelewa ukimlipa safari ya pili.

*Mimi ni katibu wa kijiwe chenye madereva 34. Mwenzetu akianguka, wengine wanasema avuliwe kofia haraka apate hewa, wengine wanasema asiguswe. Lipi sahihi? – Katibu wa kijiwe, Iringa*

Ndugu katibu, kila upande una nusu ya jibu. Kwanza simamisheni magari, pikipiki mbili ziwekwe mbali kidogo kila upande na taa zikiwaka, na mmoja apige simu 112. Majeruhi asivutwe kwa mikono wala miguu, na nawaomba sana asikalishwe katikati ya dereva na mwenzake kwenye pikipiki ili awahishwe hospitali. Nimewapokea wengi waliofika hivyo, kichwa kikiwa kimelala kwenye bega la mtu, na shingo ambayo pengine ilikuwa nzima mahali pa ajali haikuwa nzima tena mlangoni kwetu.

Kama anapumua na hatapiki, mwacheni na kofia yake. Fungueni kioo cha mbele, legezeni kamba, mmoja apige magoti nyuma ya kichwa na kukishika kisigeuke, huku akimwongelesha. Kofia itavuliwa na wahudumu. Kama hapumui, au anatapika ndani ya kofia na anapaliwa, hapo ivuliwe, na kazi hiyo ni ya watu wawili. Wa kwanza, aliye nyuma ya kichwa, anaishika kofia isitikisike. Wa pili, aliye ubavuni, anafungua au kukata kamba, kisha anaweka mkono mmoja chini ya kisogo na shingo, na mwingine anashika taya, vidole pande zote mbili. Sasa wa pili ndiye mwenye kichwa, na wa kwanza anaipanua kofia kwa pembeni na kuivuta polepole, akiinamisha nyuma kidogo ili kidevu na pua vipite, kisha mbele kidogo ili kisogo kipite. Wakati wote huo wa pili haachii. Kofia ikitoka, wa kwanza anakishika kichwa kwa viganja viwili, juu ya masikio, na hakiachi hadi msaada ufike. Kofia yenyewe ipelekwe hospitali pamoja na majeruhi, kwa sababu daktari akiona ilipogongwa anajua pa kuanzia.

Fanyeni zoezi jioni moja kabla ya kufunga hesabu za kijiwe, mwenzenu mzima alale kwenye mkeka akiwa amevaa kofia ya kufunika uso. Mara ya kwanza pua yake itakwama na mtacheka. Rudieni hadi isikwame.